Droni ya filamu haipimwi kwa wingi wa vitufe vyake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu makala mliyoichapa ya kulinganisha droni zenye kamera kwa ajili ya watengenezaji wa filamu. Makala ile iliandikwa kwa bidii na jedwali lake lilipangwa vizuri: kila droni ilikuwa na safu yake, na kila jambo ambalo droni inaweza kulifanya yenyewe angani liliwekewa alama ya vema. Mwishoni droni iliyokusanya alama nyingi ndiyo iliyopewa ushindi. Hapo ndipo ninapotofautiana na mwandishi wenu. Nimerusha droni kwenye kazi za filamu kwa miaka kadhaa sasa, na katika mambo yote yaliyoorodheshwa ni mawili tu ninayoyatumia karibu kila siku ya kazi. Yote mawili yalipewa alama moja moja, sawasawa na jambo ambalo sijaligusa tangu juma nililonunua droni yangu.

Nianze na hilo nisiloligusa, yaani ile mizunguko iliyotayarishwa kiwandani ambayo kampuni ya DJI huiita QuickShots na ambayo ina ndugu zake katika droni za makampuni mengine. Iliingia mikononi mwa watu wengi pamoja na droni ndogo ya Spark mwaka 2017. Unamchagua mtu kwenye skrini, unabonyeza mara moja, na droni inafanya yaliyobaki: ama inarudi nyuma huku ikipanda na kamera ikiendelea kumtazama, ama inapaa wima kamera ikielekea chini, ama inamzunguka, ama inamzunguka huku ikipanda na kujitenga naye kama moshi unaojisokota. Kwa msafiri anayetaka kumbukumbu ya safari yake, hiyo ni zawadi kubwa, na simdharau anayeitumia. HoverAir X1, iliyotoka mwaka 2023 ikiwa na uzito wa gramu 125, inaruka kutoka kiganjani bila hata rimoti, na kwa mtu aliye peke yake sioni namna rahisi zaidi ya kujipiga picha kutoka juu.

Filamu, hata hivyo, ina mahitaji mengine. Mwongozaji akisema, "Subiri ageuke kwanza, ndipo uanze kurudi nyuma," kitufe hakisubiri. Mwigizaji akichelewa sekunde mbili kwa sababu machozi yamekuja yenyewe, kitufe hakijui kwamba sasa ndipo pa kupunguza mwendo. Isitoshe, kuruka na kurekodi huanza kwa pamoja, kwa hiyo mhariri wa picha hapati zile sekunde chache za utulivu kabla ya mwendo ambazo ndizo anazozihitaji ili aunganishe shoti moja, yaani kipande kimoja cha picha kilichorekodiwa bila kukatizwa, na nyingine. Hebu tupige hesabu ndogo. Ukimzunguka mtu kwa umbali wa mita 20, njia ya duara zima ni takribani mita 126, na kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde droni itatumia zaidi ya sekunde 31 kuimaliza. Ni nadra sana filamu ikahitaji sekunde zote hizo 31. Inahitaji sekunde sita, na kazi ya mpiga picha ni kujua ni sita zipi: zile ambazo uso unatoka kivulini, au zile ambazo nyumba inaanza kuonekana nyuma ya bega. Duara lililopangwa kiwandani halina habari na uso wala nyumba.

Jambo jingine katika orodha yenu ni ufuataji, yaani droni kumwandama mtu au chombo kinachotembea. Mwandishi wenu aliupa nafasi kubwa, na ni haki, kwa kuwa ndiyo ahadi iliyowavuta watu wengi kwenye droni tangu mwanzo. Phantom 4 ya DJI ilipotoka Machi 2016 ikiwa na uwezo wa kufuata uitwao ActiveTrack, ilikuwa jambo jipya kwa droni ya bei ya mtu wa kawaida kumtambua mtu kwa kamera yake yenyewe badala ya kutegemea kifaa alichokibeba mfukoni. Tangu hapo maendeleo yamekuwa makubwa. Mini 4 Pro ya DJI, ya mwaka 2023, inakuruhusu kuchora kwenye skrini njia ambayo droni itaipita kumzunguka mhusika wakati yeye anatembea, ikitoka nyuma yake hadi ubavuni na kuishia mbele ya uso wake. Skydio, kampuni ya Marekani, ilikuwa imetangulia katika kupita katikati ya miti: Skydio 2 ya mwaka 2019 ilikuwa na kamera sita za kuongozea njia, tatu juu na tatu chini, na ilimfuata mwendesha baiskeli msituni kwa ujasiri ambao droni nyingine za wakati huo hazikuwa nao.

Lakini majaribio ya ufuataji tunayoonyeshwa karibu yote yanafanana: mtu mmoja, amevaa nguo ya rangi kali, anakimbia mahali peupe. Naomba nisimulie kilichonipata nilipotoka kwenye majaribio na kuingia kwenye kazi. Mwigizaji wetu alitakiwa atembee kwa haraka juu ya gati la mbao, apishane na mwanamke anayekuja kutoka upande wa pili bila wao kuangaliana, kisha aendelee hadi mwisho wa gati asimame. Wote wawili walivaa makoti ya mvua ya kijivu, kwa sababu hadithi ilitaka wafanane. Nilimwekea mwigizaji fremu ya kijani kwenye skrini, droni ikaanza kumfuata kwa nyuma kwa umbali wa mita nane hivi, na hatua zake za kwanza kwenye gati zilikwenda vizuri kabisa. Walipopishana, miili yao ilifunikana kwa kitambo kifupi tu. Niliiona ile fremu ya kijani ikiteleza kutoka bega la mmoja hadi bega la mwingine, droni ikasimama, ikageuka, ikamfuata mwanamke. Tulirudia mara nne, na mara tatu fremu ilihama vilevile. Mara ya tano niliuzima ufuataji nikarusha kwa mkono, na shoti hiyo ndiyo iliyoingia kwenye filamu.

Sisemi hivi ili kuilaumu mashine. Kompyuta ya droni inafuata umbo, rangi na mwelekeo wa mwendo, kisha inakisia mhusika atakuwa wapi baada ya muda mfupi. Haijui nani ni mhusika mkuu na nani ni mpita njia. Mtu anayelinganisha droni kwa ajili ya filamu angepaswa kuwapishanisha watu wawili wenye mavazi yanayofanana, kumpitisha mmoja nyuma ya shina la mti na kuona kama droni itamngoja au itamsahau, na kumsimamisha ghafla aliyekuwa akikimbia ili kuona kama droni itasimama kwa ulaini au kwa mshtuko unaoitikisa picha. Hayo ndiyo mambo yanayotutokea kila siku. Kuandika tu kwamba droni ina ufuataji ni sawa na kuandika kwamba gari lina breki.

Kuhusu kukwepa vizuizi, makala ilisema kwamba droni yenye vihisi pande zote ni salama kuliko yenye vihisi vya mbele na chini peke yake. Hilo ni kweli, na kwa ufuataji ni muhimu zaidi, maana droni inayorudi nyuma mbele ya mtu anayetembea inaelekea mahali ambapo kamera yake kuu haitazami. Lakini mwandishi aliacha kusema vihisi hivyo vinahitaji nini. Vingi ni kamera ndogo, nazo zinahitaji mwanga na kitu chenye madoa au mistari ya kutofautisha. Kioo, maji yaliyotulia, ukuta mtupu wa rangi moja, waya mwembamba na matawi yaliyopukutika majani huzichanganya. Na mwanga tunaoutafuta sisi wa filamu ni ule wa alfajiri na wa machweo, ambapo vivuli ni virefu na uso wa mtu unalainika. Yaani saa ambayo kamera kuu inafurahia zaidi ndiyo saa ambayo kamera za kulinda droni zinaanza kuona gizagiza. Air 3S ya DJI iliyotoka mwaka 2024 iliongezewa mbele kihisi cha LiDAR, kinachopima umbali kwa miale ya leza badala ya kungoja mwanga wa mazingira, na hiyo ni hatua ninayoiheshimu kwa sababu inagusa saa zetu za kazi. Jedwali lenu liliiweka katika mstari mmoja na droni zisizonacho, kwa alama ileile ya vema.

Pia kuna tofauti kati ya kuiokoa droni na kuiokoa shoti. Katika droni nyingi za DJI unaweza kuchagua kama ikikutana na kizuizi isimame au ikizunguke. Ikikizunguka, droni inapona, lakini picha inayumba pembeni kwa namna ambayo hakuna mtazamaji atakayeamini kuwa ilikusudiwa. Ikisimama, angalau unapata mwisho unaoweza kukatwa. Katika kazi ya filamu mimi huchagua isimame, kisha natembea kwa miguu njia nzima kabla ya kurusha, nikiangalia juu kutafuta nyaya. Na ikumbukwe kwamba katika hali ya mwendo wa kasi kabisa, ile ya michezo, droni hizo huzima ukwepaji huo, hivyo anayepanga shoti ya kufukuzana na pikipiki asidhani kwamba ulinzi bado upo.

Sasa nifike kwenye yale mawili ninayoyatumia. La kwanza DJI huliita Spotlight. Lilikuwepo kwenye Inspire 2 ya mwaka 2016, droni kubwa ya kazi za filamu, na likafika kwenye droni ndogo ya Mavic Air 2 mwaka 2020. Kazi yake inaonekana ndogo mno hata mtu anaweza kuipita katika orodha: droni haimfuati mtu, haizunguki, haipandi wala kushuka kwa hiari yake. Inachofanya ni kuendelea kumtazama mhusika, ikigeuza mwili wake na kamera yake ili abaki mahali ulipomweka kwenye fremu, huku wewe ukishika vijiti na kuamua droni iende wapi na kwa mwendo gani.

Ili kuelewa kwa nini naithamini hivyo, mtu ajaribu kumzunguka mwenzake kwa mkono bila msaada wowote. Anapaswa kusukuma droni pembeni, wakati huohuo aigeuze upande wa pili kwa kiasi kinacholingana, na kama inapanda basi ainamishe kamera chini kwa kadiri inavyopanda. Mambo manne kwa vidole vichache, na kosa dogo katika moja huonekana kwenye skrini kubwa ya sinema. Ndiyo maana droni kubwa za filamu hurushwa na watu wawili, rubani na mpiga picha, kila mmoja na rimoti yake. Spotlight inampa rubani aliye peke yake yule mtu wa pili. Nakumbuka shoti ya mwanamke aliyesoma barua uani: nilianza juu ya paa, nikashuka taratibu nikimzunguka kwa robo duara, na alipoacha kusoma na kuinua kichwa nami nikapunguza mwendo hadi droni ikatulia pamoja naye. Hakuna aliyeniambia nipunguze. Niliona mabega yake yakishuka, na kidole changu kikalegea. Kompyuta iliilinda fremu, nami nikabaki na nafasi ya kumtazama mtu. Huko ndiko kusaidiana ninakokutafuta kati ya mashine na mpiga picha, na ndiko ninakoomba kupimwe: wakati droni inajiendesha, ni kiasi gani cha shoti kinabaki mikononi mwangu, na je, nikigusa kijiti inaniitikia kwa ulaini au inaivunja shoti nzima?

La pili ni vituo vya njia. Unairusha droni hadi mahali fulani, unahifadhi pale ilipo, kimo chake, inakoelekea, mwinamo wa kamera na kiwango cha kukuza picha. Unakwenda kituo kingine unafanya vivyo hivyo. Kisha droni inaunganisha vituo vyote kwa njia moja laini na kuipita kwa mwendo uliouchagua. Kwa miaka mingi wengi wetu tuliyafanya haya kwa programu ya Litchi, na sasa yamo ndani ya droni za DJI za Air 3, Mini 4 Pro na Mavic 3. Skydio nao walileta KeyFrame mwaka 2022, iliyofanya jambo linalofanana huku droni ikiendelea kukwepa vizuizi.

Faida yake kubwa kwa filamu ni kurudia. Mwigizaji akisahau neno, wingu likifunika jua, mbwa akipita, unairudisha droni mwanzo nayo inapita njia ileile. Unaweza kuirekodi njia hiyo mchana na kuirekodi tena usiku, kisha mhariri akazibadilisha moja ndani ya nyingine, dirisha juu ya dirisha, mti juu ya mti. Hapa ndipo droni zinapotofautiana kwa kweli, na hapa makala haikusema lolote. Droni ndogo hutegemea satelaiti kujua mahali zilipo, na watengenezaji wenyewe hutaja kosa la nusu mita hadi mita moja na nusu kwa upande. Inspire 3 ya DJI, ya mwaka 2023, hutumia mfumo wa RTK, ambao husahihisha mahesabu ya satelaiti hadi kufikia kiwango cha sentimita, na imepewa njia za kurudiwa kwa ajili ya kazi hiyohiyo ya kuunganisha picha.

Je, kila mtu anaihitaji sentimita? Hapana, na hapa ushauri wa kweli ungemsaidia msomaji asitumie fedha ovyo. Ikiwa kilicho kwenye picha ni mlima ulio umbali wa kilomita nzima, kosa la nusu mita halionekani kabisa. Ikiwa ni nguzo ya mlango iliyo mita tano mbele ya lenzi, nusu mita ni kuhama kwa takribani nyuzi sita, na picha mbili hazitakaa moja juu ya nyingine hata mhariri akeshe. Kwa hiyo mwenye droni ndogo anaweza kupata marudio mazuri sana kwa kukaa mbali na vitu vya karibu, kwa kurusha marudio yote mawili kabla hali haijabadilika sana, na kwa kuanzia mahali palepale. Upepo nao huingilia, kwa maana droni inayopambana nao hulala upande na kuchelewa kwenye kona.

Uwezo wa kupiga picha nyinginyingi na kuziunganisha ziwe video inayoenda mbio, ambao huitwa Hyperlapse, nitaupitia kwa haraka. Ni mzuri, ila anayeupanga apige hesabu ya betri kwanza: sekunde 10 za video ya fremu 25 kwa sekunde ni picha 250, na kwa picha moja kila sekunde mbili hizo ni zaidi ya dakika nane angani, kwa picha moja kila sekunde tano ni karibu dakika 21, na betri nyingi ndogo hazikubakishii akiba ya kutosha ya kurudi nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali haliwezi kulionyesha, nalo ni umri wa ahadi. Lily, droni iliyotangazwa mwaka 2015 kwamba ungeirusha hewani kwa mkono nayo ingekufuata, ilipokea maagizo ya mamilioni ya dola, na kampuni ikafungwa Januari 2017 kabla droni hizo hazijawafikia wanunuzi. Skydio, niliyoisifu hapo juu, iliacha kuwauzia watu wa kawaida mwaka 2023. Mtu anayejenga namna yake ya kufanya kazi juu ya uwezo mmoja wa kampuni moja ajifunze pia kuufanya kwa mkono, hata kama mkono wake hautalingana na mashine.

Ombi langu kwa mwandishi wenu ni dogo na linatekelezeka kwa siku moja. Achukue droni zilezile, apange njia moja ya vituo vitatu inayopita karibu na mlango na kuishia mbali, airushe kila droni njia hiyo mara tano mfululizo, mara mbili za mwisho jua likiwa limeshazama. Achukue fremu moja ya wakati uleule katika kila rekodi, azipange juu kwa juu, na apime kingo za mlango zimehama kiasi gani. Kisha awapishanishe watu wawili wenye makoti yanayofanana. Matokeo hayo yakichapwa, hata kwa droni mbili tu, nitayakata kwenye gazeti na kuyaweka ndani ya sanduku la droni yangu.

Wako katika kazi,
Mpiga picha za angani